Jembe Lililotembea Bila Mtu

Revokatus alisimama mbele ya wazee waamuzi wa kilima chao akasema Agneta hakuwahi kuolewa na mdogo wake Melkiades. Alisema Melkiades alimchukua tu, kama watu walivyokuwa wakichukuana katika kambi ya wakimbizi, na kwamba hakuna mtu wa ukoo wao aliyempelekea baba yake Agneta hata jembe. Alisema hivyo akijua kuwa jembe lile alilipeleka yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Huo ndio ubaya aliofanyiwa Agneta. Yaliyofuata, ekra, yaani kioo cha picha, na vitufe vyake, yalikuwa nguo tu ya kuuvika ubaya huo ili upite barabarani bila kuona haya.

Agneta hakusoma. Wenzake walipokuwa wakiimba herufi chini ya turubai, yeye alikuwa kwenye foleni ya maji, kwa sababu mama yake alikuwa na miguu mibovu, na kambi ile ya upande wa Kasulu haikuwa na huruma kwa miguu mibovu. Alijifunza kubeba. Alibeba maji, kuni, wadogo zake, na mwishowe akambeba mama yake mgongoni kumpeleka zahanati, wakarudi mama amefunikwa shuka. Mtu wa kwanza kumwambia Agneta atue mzigo alikuwa Melkiades. Alimkuta na ndoo kichwani akamwambia, "Dada, weka chini kwanza, shingo yako nayo ni ya mtu."

Alimpenda kwa neno hilo. Msicheke, watu wamependana kwa machache zaidi.

Melkiades alitaka mambo yafanywe kwa utaratibu, ingawa walikuwa wakimbizi. Kwao, mahari yawe mengi au yawe kidogo, lazima liwepo jembe jipya lenye mpini, na lazima litolewe na mkono wa ukoo wa mwanamume: baba yake, au kama baba hayupo, kaka mkubwa. Mkono huo usipolishika jembe, mwanamke hata akizaa, hata akizeeka ndani ya nyumba, ni mtu aliyejiingiza. Baba yake Melkiades alikuwa amekufa. Kwa hiyo Revokatus, kaka mkubwa, alivaa shati jeupe la mikono mirefu, akasimama chini ya turubai, akamkabidhi jembe baba yake Agneta. Baba akalipokea, akanywa kwenye kibuyu, akakipeleka kwa Revokatus naye akanywa. Jirani mmoja mwenye kamera ndogo ya kuazima alikuwa amekaa ndani, akiuelekea mlango, akipiga filamu.

Halafu vita vikaisha, wakarudi Burundi. Walipata kipande cha ardhi ya marehemu baba yake Melkiades juu ya barabara ya ziwa, si mbali na Rumonge, michikichi ikiwa imezeeka na nyasi zimefika kifuani. Agneta na mumewe walikata, walichoma, wakapanda miche mipya. Walijenga nyumba ya matofali yenye chumba kikubwa cha mbele kinachotazama barabara. Mikono ya Agneta ikawa na rangi ya mawese isiyotoka hata kwa sabuni. Watoto hawakuja, mimba mbili zilikuja zikaenda. Lakini pale kilimani walimwita Muka Melkiades, yaani mke wa Melkiades, na kila alipolisikia jina hilo njiani, mgongo wake ulinyooka.

Melkiades alianguka kutoka kwenye mchikichi akiwa anakata mikungu. Mwaka uleule, baadaye, watu wote waliokuwa wakiishi pamoja bila karatasi walisukumwa waende komini, kwenye ofisi ya serikali, wakaandikishe ndoa. Agneta aliwaangalia wakishuka barabarani wawili wawili, wengine wakiwa vikongwe, wanacheka na kutaniana. Yeye wake alikuwa amekwishazikwa.

Miaka ikapita, hakuna aliyemuuliza kitu. Halafu Revokatus akahama kutoka Magara, alikokuwa akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kuwauza, akaja na ekra.

Ilikuwa ekra ya ordinateri, yaani ya kompyuta, pana kama mlango uliolazwa, na nyuma yake waya nyingi. Alipanga chumba kando ya barabara akaweka mabenchi, watu wakawa wanaingia kuangalia mpira na filamu. Mwenye chumba alipochoka na kelele akamtoa. Ndipo Revokatus alipoanza kupita kwa shemeji yake mara kwa mara, anasimama uani, anaisifu nyumba.

"Muka Melkiades, hiki chumba cha mbele unakifanyia nini?"

"Nakaa, shemeji."

"Peke yako? Chumba chote hiki?"

"Nakaa na marehemu," alisema Agneta. Alidhani ametania.

Baada ya hapo Revokatus akaenda kwa wazee akasema yale aliyosema. Nyumba na michikichi ni ya ukoo, alisema. Mwanamke aliyejiingiza hawezi kuukalia urithi wa watu.

Walioketi kusikiliza walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Mzee Isaka, ambaye neno lake pale kilimani lilikuwa kama mlango: likifungwa limefungwa. Walimuuliza Agneta mashahidi wake. Akawataja. Baba yake alikuwa amekufa. Msemaji wa upande wake siku ya mahari alichukuliwa na ndege kwenda Kanada kutoka kambini kulekule. Majirani walitawanyika kama unga uliomwagika.

"Lakini iko filamu," alisema Agneta. "Marehemu aliiweka kwenye flashi. Jembe limo, na aliyelitoa yumo."

Revokatus hakushtuka hata kidogo. "Mimi siku hiyo nilikuwa Kigoma mjini," alisema. "Ila ni vizuri, wazee wangu, tuangalie. Ekra ninayo. Karibuni kwangu, bure kabisa."

Agneta alifurahi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba alifurahi. Hakuna mtu pale kilimani, akiwemo yeye, aliyewaza kwamba ekra inaweza kuwa na nia. Waliichukua kama maji ya mtungini: ukichungulia unaona kilichomo.

Revokatus alikuwa ameiazima stoo ya rafiki yake na kuyapanga mabenchi humo. Agneta alifika wa kwanza, akamkuta ameinama mbele ya ekra, vidole vyake viko chini ya ukingo wake, anabonyeza, anasogea nyuma kuangalia, anabonyeza tena. Alidhani anapangusa vumbi. Alimwambia hata, "Pole na kazi, shemeji."

Wazee wakaja, wakakaa. Filamu ikaanza. Sauti za watu hazikuwemo, kwa sababu yule jirani mwenye kamera aliona afadhali aweke kwaya juu ya filamu nzima, kama walivyokuwa wakifanya wakati ule. Kwa hiyo palikuwa na kwaya, na palikuwa na giza. Turubai lilikuwa jeusi, na watu waliokuwa chini yake walikuwa weusi zaidi. Mlango ulio nyuma yao uliwaka mweupe mpaka ukaumiza macho. Nguo zilionekana: kitenge kimekaa, shati limesimama. Sura hakuna.

"Mimi naona mashati," alisema Mzee Dismasi, mmoja wa wale watatu, mtu wa kupenda mzaha. "Wenye mashati wamekwenda wapi?"

"Ngojeni," alisema Agneta. "Jembe linakuja."

Na jembe likaja kweli. Liliingia kutokea pembeni, jipya, linang'aa, likiwa limeshikwa na ncha za vidole tu, na nyuma ya vidole hapakuwa na mkono wala mtu, kwa maana picha iliishia hapo. Lilisogea hewani likamfikia baba yake Agneta, ambaye alikuwa kofia na giza.

Dismasi alijipiga paja. "Jamani! Jembe limetembea bila mtu! Mahari ya kujileta yenyewe!"

Hata Mzee Isaka alitabasamu. Revokatus hakucheka. Alikuwa amekaa kwa heshima, mikono magotini. "Mimi sina la kusema," alisema. "Mumeona wenyewe."

Waliamua hivi: kwa kuwa Agneta amemtunza marehemu, hatafukuzwa. Atahamia jiko la uani. Ataendelea kulima michikichi, atapewa chakula chake. Nyumba ni ya Revokatus. Mzee Isaka alipokuwa akiondoka alimuaga, na kwa mara ya kwanza hakumwita Muka Melkiades. Alisema tu, "Amahoro, mama," yaani amani, kama anavyoagwa mwanamke yeyote.

Agneta aliwaza kurudi kwao, lakini kwao hakuna. Ardhi ya baba yake, upande wa Nyanza-Lac, waliikuta inakaliwa na watu wengine, na kesi yake ilizeeka pamoja na baba mpaka vyote viwili vikafa. Kwa hiyo alihamia jikoni.

Revokatus aliingiza mabenchi yake chumba cha mbele. Akajenga ukuta kuuzunguka ua, wezi wasiibe waya, alisema, na kijia cha nyuma cha kwendea msalani na kisimani kikazibwa. Tangu hapo Agneta akitaka kutoka lazima apite ndani ya ukumbi, mbele ya ekra, kwa sababu mabenchi yamefika mpaka ukuta wa nyuma. Siku za mpira hapiti. Akijaribu, watu humfokea: "Mama, unatuziba! Kaa huko mpaka mapumziko!" Basi hukaa jikoni, anasikiliza wanaume wakipiga kelele katika chumba alichokipaka chokaa kwa mikono yake, mpaka wampe ruhusa ya kwenda msalani.

Ilikuwa siku ya kwanza kabisa ya namna hiyo, mchana. Amesimama mlangoni na ufagio, anangoja. Revokatus alikuwa amewasha mpira lakini ekra ilikuwa bado imewekwa vilevile kama siku ya wazee. Wachezaji walikuwa madoa meusi yanayokimbia usiku.

"Revo! Tupe mwangaza! Tumekuja kuangalia makaa?"

"Na picha uipunguze! Umeivuta sana, hata dakika hatuzioni!"

Revokatus aliinama, vidole chini ya ukingo. Akabonyeza. Nyasi zikawa kijani. Akabonyeza tena, na wachezaji weusi wakapata pua, macho, ndevu. Akabonyeza tena, na picha yote ikarudi nyuma kama mtu anayejikunyata, na kwenye pembe yake, pale ambapo hapakuwa na kitu, zikatokea dakika na magoli.

Ufagio ulimponyoka Agneta. Watu walidhani ni kwa ajili ya goli.

Alikuwa ameficha flashi kwenye gunia la majivu. Alishuka nayo Rumonge mjini, kwenye sekretaria ya Rachelle, Mkongo wa kutoka Uvira anayewapigia watu barua kwa kompyuta na kuwatolea picha, mama wa makamo kama yeye, mwenye mdomo mwepesi. Alimweleza yote. Rachelle alisikiliza huku anatafuna karanga, halafu akaichomeka flashi.

Kwenye ekra ya Rachelle turubai lilikuwa la bluu. Agneta alikuwa amesahau kwamba lilikuwa la bluu. Chini yake alikaa baba yake, na sura yake yote, na lile jino lililovunjika. Jembe lilipoingia liliingia na vidole, na mkono, na shati jeupe, na Revokatus ndani ya shati, kijana, anacheka. Na pembeni yake Melkiades, ameangalia chini kwa haya.

Rachelle aliisimamisha picha akamwachia Agneta aiangalie.

"Ni huyu njo alisema alikuwa Kigoma?" aliuliza Rachelle. "Aa! Mwanaume wa bule kabisa!" Akamwonyesha vitufe. Hiki ni cha mwangaza. Hiki kinatenga cheupe na cheusi. Ukikizidisha, mtu mweusi anapotea pamoja na kivuli chake. Hapa unavuta picha, na ukiivuta inamwagika pembeni. "Anajua kazi, shemeji yako. Alikuvunja na vidole viwili."

"Nitawaleta wazee," alisema Agneta.

Kuwaleta ilikuwa kazi. Mzee Isaka alikataa mara kwa mara, akisema neno limekwishasemwa. Agneta alimfuata shambani, kanisani, kisimani. Mwishowe alikubali, kwa uchovu. Waliteremka wote kwa miguu siku ya soko, wazee watatu mbele, Revokatus katikati yao akiwachekesha, Agneta nyuma. Walipofika mahali barabara inapolikaribia ziwa, Mzee Isaka alinyoosha fimbo kuelekea mtumbwi uliokuwa mbali sana majini, mdogo kama ganda la karanga. "Yule ni Lukeba," alisema. "Angalieni anavyokaa, bega moja chini." Na kweli ulipofika ufukoni alikuwa Lukeba. Agneta aliyashukuru macho yale. Alijiambia, leo macho haya yatanisaidia.

Kwa Rachelle walibanana kwenye benchi moja. Rachelle alimvuta Agneta pembeni.

"Mama, niwaonyeshe tu picha yenye kuwa muzuri? Waone, wende, iishe?"

Hapo ndipo Agneta alipokosea, na hakuna siku ambayo hairudii saa ile. Alitaka zaidi ya kuonekana kwa Revokatus. Alitaka wazee waone jinsi walivyofanywa wajinga. Alitaka waone kidole.

"Hapana," alisema. "Anza na giza, kama alivyoweka yeye. Waone kwanza giza lilelile. Halafu ulitoe mbele ya macho yao."

"Mama..."

"Fanya hivyo, dada yangu. Murakoze, asante."

Rachelle akafanya. Wazee wakaona tena mashati na mlango mweupe na jembe linaloelea. Dismasi akaanza kucheka upya. Rachelle akapeleka kidole chini ya ukingo, akabonyeza, na polepole turubai likawa bluu. Akabonyeza, baba yake Agneta akapata jino lake. Akabonyeza, picha ikarudi nyuma, na pale pembeni, kama mtu anayetoka ukutani, akatokea Revokatus na shati lake jeupe.

Halafu Revokatus akapiga makofi.

"Wazee wangu!" alisema. "Mumeona kwa macho yenu? Palikuwa hakuna mtu. Mwanamke amebonyeza, mtu ameota! Dada, hebu bonyeza tena, labda ataota askofu!"

Dismasi alicheka mpaka akakohoa. "Na mimi nibonyezee," alisema, "unirudishie meno."

"Baba," alisema Rachelle, na sasa hakuwa na mzaha, "buto ya kubonyeza haizalake mutu. Kama mutu hakukuwa ndani ya picha, utaongeza mwangaza mpaka kesho, utaona turubai tu."

"Mama, haya ni mambo ya Warundi," alisema mzee wa tatu. "Wewe tupigie barua."

Agneta alipiga magoti mbele ya Mzee Isaka, kwenye sakafu yenye maganda ya karanga. "Mzee wangu. Umemwona. Sura ile ni ya nani?"

Mzee Isaka alikuwa bado anaangalia ekra. Aliangalia kwa muda ambao mtu haangalii kitu asichokijua. Halafu alimgeukia Revokatus, na Revokatus, kwa mara moja tu tangu kesi ianze, alitazama chini. Mzee akaliona hilo pia.

"Nimeona mtu," alisema.

"Mtu yupi, mzee?"

"Ekra ya kule imeonyesha hivi, na ya hapa imeonyesha hivi. Zote zinafuata kidole. Sisi hatuwezi kuvunja neno letu kwa kitu cha kubonyeza." Akashika fimbo, akainuka. "Tena macho yangu ni ya kizee."

Agneta alimkumbuka Lukeba na bega lake moja. Alifungua mdomo alitaje jina hilo, akaona mzee anamsubiri alitaje, na anaogopa. Akaelewa. Neno lake kilimani lilikuwa mlango, na mlango ukifunguliwa mara moja kwa ajili ya mwanamke aliyepiga magoti, kesho wangekuja wengine kugonga. Aliuacha mdomo ujifunge.

Wakapanda kilima kama walivyoshuka.

Sasa Agneta anapika, analima, anakamua mawese, na siku za mpira anangoja mlangoni. Asubuhi, Revokatus akiwa hayupo, hufagia ukumbi na kuifuta ekra kwa kitambaa. Vitufe anavijua vyote kwa kidole, bila kuviangalia. Havimsaidii kitu.

Jumapili iliyopita Mzee Isaka alikuja kuangalia mpira. Alikaa benchi la nyuma kabisa, na kutoka huko alikuwa akiwatajia vijana majina ya wachezaji kabla hawajageuka. Agneta alitaka kutoka kwenda kuteka maji. Alisimama mbele ya ekra na ndoo yake, mwanga wa nyasi ukimpiga mgongoni.

"Mama, unatuziba!" walipiga kelele.

"Mwacheni apite," alisema Mzee Isaka. "Pita, mama."

"Mama nani?" aliuliza Agneta.

Revokatus alikuwa kando ya ekra, kidole chini ya ukingo. Mzee alimwangalia Agneta, na alimwona vizuri sana, kila mtu alijua hivyo.

"Pita tu," alisema.

Alipita. Ziwa lilikuwa chini pale, pana, na ndoo yake ilikuwa tupu, na alikuwa hana mahali pengine pa kuipeleka zaidi ya kisimani na kurudi.

Revokatus anadaiwa maneno machache: kwamba jembe alilitoa yeye. Hayo Agneta hayangoji tena. Lakini Mzee Isaka anadaiwa mawili tu, Muka Melkiades, ayaseme kwa sauti, mbele ya watu, kwa mdomo uleule ulioyaondoa. Bado hajayasema.